Mzigo wa Mzinga Mwepesi

Ukipitia majedwali ya silaha za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utakutana na mzinga mmoja wa Kijerumani ambao takwimu zake zinashangaza. Jina lake la kijeshi ni sPzB 41. Mzinga wa kupambana na vifaru ambao Wajerumani waliingia nao vitani, Pak 36 wa milimita 37, ulikuwa na uzito unaozidi kilo 320. sPzB 41 ulikuwa na kilo 229, na ule uliotengenezwa mahsusi kwa askari wa miavuli, wenye magurudumu madogo na fremu ya mabomba, ukavuliwa hata ngao ya kumkinga mpigaji, haukufika kilo 150. Uliweza kufunguliwa vipande vitano na kubebwa na watu. Hata hivyo risasi yake ilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 1,400 kwa sekunde, karibu maradufu ya kasi ya Pak 36, na kwa masafa mafupi ilitoboa deraya ambazo ndugu yake mzito aliishia kuzibishia hodi. Askari wenyewe waliokuwa wakiutumia Pak 36 ndio walioupa jina hilo la mbisha hodi. Kwa jeshi linaloshuka kutoka angani, takwimu hizo zilikuwa dua iliyojibiwa. Ninachodai hapa ni kwamba uzito ule haukuondolewa. Ulihamishwa. Ulitoka kwenye fremu ya mzinga ukaenda kwingine, na historia ya silaha za askari wa anga haieleweki mpaka mtu aufuatilie uzito huo hadi mahali ulipotua na ajue nani aliubeba.

Tuanze na sababu ya mzinga kuwa mzito, maana haukuwa mzito kwa uzembe wa wahunzi. Kutoboa deraya ni kukusanya nguvu nyingi mahali padogo. Nguvu hiyo hutokana na uzito wa risasi na kasi yake, na kasi ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa ukiiongeza maradufu nguvu huongezeka mara nne. Lakini kasi hutaka baruti nyingi, baruti nyingi hutaka chuma kinene cha kuhimili mgandamizo wake, na mtutu hutaka urefu ili gesi ipate muda wa kuisukuma risasi. Kisha kuna teke. Kila kinachotupwa mbele kinasukuma nyuma kwa kiasi kile kile, na lazima kuwe na kitu cha kulipokea teke hilo: fremu, miguu miwili iliyochimbiwa ardhini, mitungi ya mafuta na springi. Kwa hiyo fremu nzito ndiyo inayouzuia mzinga usimrukie aliyeupiga. Vifaru navyo havikusimama. Mwaka 1939 deraya ya milimita 30 ilionekana nzito. Miaka mitatu baadaye Tiger kilikuja na milimita 100 kwa mbele. Mizinga ikafuata mkondo huo, kutoka kilo mia chache hadi tani moja, kisha tani kadhaa. Askari wa miavuli ndiye pekee ambaye hakuweza kufuata. Mlango wa ndege yake haukupanuka kwa sababu deraya za adui zimenenepa.

Jibu la sPzB 41 lilitokana na kazi za mhandisi Hermann Gerlich, ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 alishughulikia wazo la mtutu unaobana. Tazama kinachotokea ndani yake. Nyuma, risasi inapoingizwa, tundu lina milimita 28. Mdomoni limebaki na milimita 20. Risasi yenyewe ina kiini kigumu chembamba kilichovikwa koti la chuma laini lenye kingo mbili zilizojitokeza kama pindo la sketi. Baruti inapowaka, gesi husukuma kwenye eneo lote la milimita 28, kwa hiyo msukumo ni mkubwa. Kadiri risasi inavyosonga mbele, kuta za mtutu huzikandamiza zile kingo mpaka zilale kwenye mwili wa risasi, na kinachotoka ni kitu chembamba cha gramu 130 hivi, chepesi kiasi kwamba teke lake linavumilika kwenye fremu ya mabomba. Ni ubunifu wa kupendeza na siuvunjii heshima. Lakini mtutu huo ulikuwa ukijikwangua wenyewe kila ulipopigwa. Baada ya risasi 500 hivi ulikuwa umechakaa, wakati mtutu wa kawaida wa zama hizo ulihesabu maisha yake kwa maelfu. Na kuutengeneza mwingine, kwa tundu linalopungua kwa vipimo sahihi, kulitaka mashine bora, mafundi hodari na saa nyingi kiwandani. Sehemu ya kwanza ya uzito ilikuwa imehamia huko.

Sehemu ya pili ilihamia chini ya ardhi. Risasi nyepesi yenye kasi kubwa haina faida kama kiini chake kitapasuka kikigonga deraya, na chuma cha kawaida hupasuka kwa kasi hiyo. Kilichohitajika ni wolframu, metali ngumu ambayo ni nzito karibu mara mbili na nusu ya chuma. Ujerumani haikuwa nayo ya kutosha. Kabla ya Juni 1941 ilipata shehena kutoka China kwa reli inayokatiza Siberia. Iliposhambulia Muungano wa Kisovieti ilijifungia yenyewe njia hiyo, ikabaki kutegemea meli chache zilizothubutu kupenya vizuizi vya baharini pamoja na migodi ya Ureno na Hispania. Uingereza na Marekani zilikwenda sokoni huko huko, zikinunua hata madini zisiyoyahitaji sana ili adui asiyapate. Bei ikapaa, wakulima wa Ureno wakaacha mashamba na kuchimbua vilima, na Salazar, mtawala wa Ureno, aliziuzia pande zote mbili mpaka Juni 1944 alipokubali kupiga marufuku biashara hiyo. Msomaji wa Rwanda, wa Kigezi au wa Kivu hahitaji kufafanuliwa maana ya kilima kinachogeuka shimo kwa sababu ya vita ya watu wengine, kwa kuwa madini hayo hayo yamo katika ardhi yake. Wolframu hiyo hiyo ndiyo iliyonoa vyombo vya kukatia chuma katika kila kiwanda cha Ujerumani. Kila kiini kilichopigwa kwenye kifaru kilikuwa kipande cha kifaa ambacho kingekata chuma cha kutengenezea mizinga mingine, na kikishapigwa hakirudi. Serikali ilipolazimika kuchagua, ilichagua viwanda. Utengenezaji wa sPzB 41 ulikoma mwaka 1943, ikiwa imetoka chini ya mizinga 3,000. Mkubwa wake wa milimita 42, ambao nao ulitumiwa na askari wa miavuli, ulikoma mapema zaidi. Mzinga ambao watu wachache waliweza kuubeba ulikuwa umebebeshwa uchumi mzima, na uchumi ukautua.

Mtu anaweza kusema kwamba nimechagua mfano dhaifu: Wajerumani walikosea kutegemea madini wasiyokuwa nayo, na Waingereza walionyesha njia ya busara. Ni hoja yenye uzito. Waingereza waliuchukua mzinga wao wa kawaida wa milimita 57, uitwao mzinga wa ratili sita, wenye uzito wa zaidi ya tani moja, wakauacha mtutu ulivyo. Walichofanya ni kufupisha ekseli na kurekebisha miguu ya fremu ili upite kwenye mlango wa Horsa, glaida ya mbao iliyovutwa kwa kamba na ndege kisha ikaachiwa itue yenyewe. Horsa moja iliweza kubeba mzinga pamoja na jipu la kuuvuta. Wamarekani walikuwa na mzinga ule ule waliotengeneza kwa kunakili, lakini fremu yao ilikuwa pana mno kwa glaida zao za Waco, hivyo vikosi vyao vya anga vikaazima ile ya Waingereza iliyofupishwa. Hapo hakuna mtutu unaobana, na risasi za kawaida zilitosha kwa kazi nyingi. Lakini fuatilia uzito. Umehama kutoka kwenye mzinga ukaenda kwenye chombo, na kwenye ule muda mfupi wa kutua. Waco haikuweza kubeba mzinga na jipu kwa pamoja. Kila kimoja kilipewa glaida yake, na moja ikipotea gizani, ile iliyofika imebeba mzigo usio na maana. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, huko Normandy, ni sehemu tu ya mizinga iliyopakiwa iliyokuwa tayari kupiga kulipopambazuka. Mzinga mkubwa zaidi wa ratili 17 ulihitaji Hamilcar, glaida kubwa kupita zote za Waingereza, na huko Arnhem, Uholanzi, baadhi zilipinduka zilipogusa shamba lenye udongo laini, zikapotea na mizinga yake. Wajerumani walikuwa wameonja jambo hilo hilo Krete, Mei 20, 1941, ambako wengi walishuka na bastola na mabomu ya mkono tu, kwa kuwa silaha zao zilidondoshwa kwenye makasha peke yake. Wengi waliuawa wakiyakimbilia.

Hoja ya pili ina nguvu kuliko ya kwanza. Inasema uzito uliondolewa kweli pale fizikia yenyewe ilipobadilishwa. Kombora lenye baruti iliyochongwa umbo la pia, kama lile la bazuka ya Marekani au PIAT ya Uingereza, halihitaji kasi. Linapogusa deraya hulipuka na kurusha mchirizi mwembamba wa metali unaopenya, liwe limefika kwa kasi ya risasi au limetupwa kwa mkono. Kwa hiyo mtutu mrefu, baruti nyingi na fremu havihitajiki. PIAT ilikuwa na kilo 15 hivi. Nakubali kwamba hapa palikuwa na jambo jipya. Lakini kisichokuwa na kasi hakifiki mbali wala hakilengi vizuri, na mtu wa PIAT alitakiwa akiache kifaru kifike mita 100 au chini ya hapo. Mzinga uliokuwa umesimama mita 500 kutoka kwenye kifaru ulikuwa umemnunulia mpigaji mita 400 za uhai. Julai 11, 1943, kwenye kilima cha Biazza huko Sicily, askari wa miavuli wa Kanali James Gavin walikutana na Tiger wakiwa na bazuka. Makombora ya bazuka za wakati ule yalishindwa na deraya ya mbele. Gavin alieleza baadaye jinsi baadhi ya watu wake walivyokutwa wamepondwa pamoja na bazuka zao. Waliokoka kwa msaada wa mizinga michache myepesi ya milimita 75 iliyopelekwa mstari wa mbele, kisha mizinga ya meli, kisha vifaru vya Sherman jioni. Silaha iliyokuwa nyepesi kuliko zote ndiyo iliyodai malipo makali kuliko zote, na ilidai papo hapo kwa mtu aliyeishika.

Mizinga isiyo na teke nitaitaja kwa ufupi, maana kisa chake ni kile kile. Inaachia gesi itoke nyuma ili kusawazisha msukumo wa mbele. Wajerumani walikuwa nayo Krete, ya milimita 75 yenye kilo 145 tu, na kitengo cha 17 cha anga cha Marekani kilipewa ya kwake Machi 1945, vita ikiwa inaelekea ukingoni. Malipo yake yalikuwa baruti nyingi kwa kila kombora, na mlipuko wa nyuma unaowaua walio karibu na kuinua vumbi linalomwonyesha adui mahali pa kupiga.

Sasa msomaji makini ataniuliza: je, si kila kazi ya uhandisi iko hivyo? Daraja jepesi hutaka chuma ghali, jengo refu hutaka msingi mrefu. Kupata na kupoteza ndiyo kazi yenyewe, na kulitaja hilo kuhusu mizinga si kugundua kitu. Ningekubali kama anayepata na anayelipa wangekuwa mtu mmoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sijui mahali ambapo maneno hayo yanafaa kuliko kwenye meza ya mipango ya kijeshi. Jedwali lililo mbele ya mpangaji lina safu ya kilo na safu ya unene wa deraya unaotobolewa. Halina safu ya mchimbaji wa Ureno, wala ya umbali ambao mtu wa PIAT atasubiri, wala ya saa ambazo mizinga isiyo na akiba ya risasi itadumu. Kwa hiyo mpangaji anaona silaha nyepesi na kuamini kwamba kikosi kimekuwa chepesi, kisha anakituma mahali ambapo kikosi chepesi kinaweza kufika lakini hakiwezi kukaa. Wengine hujibu kwamba askari wa miavuli walijitolea, walijua hatari, na walilipwa zaidi. Ni kweli kwa walioruka kwa miavuli. Lakini mizinga mingi tunayoizungumzia ilifika kwa glaida, na wengi wa askari wa glaida hawakuombwa ridhaa. Batalioni za kawaida za askari wa miguu zilibadilishwa kazi kwa amri. Wamarekani waliopanda Waco hawakupata posho ya hatari kama wenzao wa miavuli mpaka katikati ya mwaka 1944, baada ya kuwa wameshatua Normandy.

Batalioni ya pili ya kikosi cha South Staffordshire ilikuwa mojawapo ya hizo zilizogeuzwa. Ndani yake alikuwemo John Baskeyfield, kijana wa miaka 21 kutoka Burslem, aliyesimamia mzinga wa ratili sita huko Oosterbeek, magharibi ya Arnhem. Tarehe 20 Septemba 1944, kwa mujibu wa maelezo rasmi ya nishani ya Victoria Cross aliyopewa baada ya kufa, kundi lake liliharibu vifaru viwili na angalau mzinga mmoja unaojiendesha, na kila mara aliviacha vifike ndani ya yadi 100 kabla ya kupiga. Yadi 100 ni masafa ya PIAT. Mzinga wa tani moja, uliosafirishwa kwa glaida nzima, ulikuwa unapigwa kwa umbali wa silaha ya kilo 15, kwa kuwa kati ya nyumba na miti ya kitongoji hakukuwa na nafasi ya kuona mbali, na risasi hazikuwa za kupoteza. Alijeruhiwa vibaya mguuni, wenzake wote wakafa au kujeruhiwa, naye akakataa kupelekwa kwenye matibabu. Akaendelea kupiga peke yake mpaka mzinga wake ulipovunjwa. Akatambaa hadi kwenye mzinga mwingine ambao watu wake walikuwa wamekufa. Askari mmoja aliyevuka uwanja kwenda kumsaidia aliuawa karibu mara moja. Baskeyfield alipiga risasi mbili, moja ikausimamisha mzinga mwingine unaojiendesha, na alikuwa akiandaa ya tatu alipouawa na kombora la kifaru. Mwili wake haukutambuliwa. Mzinga ule ulihitaji watu kadhaa: wa kulenga, wa kupakia, wa kuleta risasi, wa kuuelekeza. Saa zile za mwisho, kazi yao yote ilikuwa juu ya mtu mmoja aliyejeruhiwa mguu.

Kuna hoja moja imebaki, nayo ndiyo inayoheshimika kuliko zote: ilifanya kazi. Tarehe 18 Septemba, kwenye daraja la Arnhem, kikosi cha magari ya deraya cha Kijerumani kilichojaribu kuvuka kwa kasi kutoka kusini kilisambaratishwa na watu wa Luteni Kanali John Frost kwa mizinga hii hii na PIAT. Kwenye daraja la La Fière huko Normandy, mzinga wa milimita 57 na bazuka vilizuia vifaru vyepesi vya Kifaransa ambavyo Wajerumani walikuwa wameviteka. Nani atasema mizinga hiyo haikuwa na faida? Sisemi hivyo. Nasema faida yake ilikuwa muda, na muda ulipimwa na watu wengine. Mpango wa Arnhem uliwataka wale wa anga washikilie daraja siku mbili au tatu mpaka jeshi la ardhini liwafikie. Halikufika darajani kamwe. Kati ya watu wapatao 10,000 walioshuka kaskazini ya Rhine, takriban 2,400 ndio waliovushwa kurudi usiku wa kuamkia Septemba 26, na mizinga iliachwa.

Kwa kuwa ndege hazikutosha, kikosi cha Arnhem kilipelekwa kwa mafungu katika siku kadhaa, na hapo mgawanyo wa uzito ulifika mwisho wake. Brigedi ya miavuli ya Poland chini ya Meja Jenerali Stanisław Sosabowski ilikuwa na mizinga yake ya ratili sita. Mizinga ilisafiri kwa glaida, ikatua kaskazini ya mto Septemba 18 na 19. Askari wenyewe walicheleweshwa na hali ya hewa, na waliporuka Septemba 21 walishushwa Driel, kusini ya mto huo huo, bila mizinga hiyo. Sosabowski alikuwa ametilia shaka mpango ule tangu mwanzo, akauliza maswali ambayo wakubwa wake hawakuyapenda. Baada ya mapigano yale majenerali wa Uingereza walimlaumu kwa maandishi, na Desemba 1944 akaondolewa kwenye uongozi wa brigedi yake.